Miaka sita ya huduma za shule kwa mdogo wangu kiziwi huku Marekani: nyota zangu ni hizi

Habari zenu wapendwa. Hii nimeahidi kuiandika tangu mwaka jana na kila nikikaa najikuta naishia kati, ila wiki hii nimepigiwa simu tatu, zote za watu waliofika juzijuzi kutoka makambini, ana mtoto hasikii, shule imemwita mitingi na hajui anaenda kukutana na nini. Kwa hiyo leo nimechaji simu, nimekaa jikoni, naandika yote, mnisamehe nikirefusha.

Sitataja jimbo wala wilaya ya shule wala kampuni, mdogo wangu bado anasoma na sitaki mtu amwangalie vibaya kwa maneno yangu. Na huduma zenyewe zinafanana karibu kila mahali kwa sababu sheria kubwa ni moja. Inaitwa IDEA, mizizi yake ni ya 1975, inasema mtoto mwenye ulemavu wa miaka 3 mpaka 21 asome bure shule ya serikali na aandikiwe mpango wake yeye mwenyewe, ndo hiyo mnayosikia IEP IEP. Mambo ya makaratasi ya uhamiaji yasikutishe, Mahakama ya Juu ya hapa ilishaamua tangu 1982, kwenye kesi ya Plyler, kwamba mtoto hafungiwi mlango wa shule ya serikali kwa sababu hana makaratasi.

Sasa mjue natokea wapi. Wazazi wangu ni wa Fizi, Congo, mimi nimezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tumefika huku mwezi wa 11 mwaka 2018, mimi nina miaka 17 na mdogo wangu 9. Alipokuwa na miaka 2 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona lakini homa ikaondoka na masikio yake yote mawili. Mpaka tunapanda ndege alikuwa hajawahi kukaa darasani. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu tu tulizojitungia. Ugali ni kuzungusha mkono kama unasonga. Mama ni kugusa fundo la kitambaa kichwani. Mimi nina kovu kwenye nyusi, basi jina langu lilikuwa kidole kwenye nyusi. Bibi ni kuinama kidogo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fimbo. Hiyo ya bibi muiweke akilini nitairudia. Zote kwa pamoja hazikufika hata mia, na huyo ni mtoto wa miaka 9 ana mambo yake kichwani kama mtoto yeyote.

Kila huduma naipa nyota, 5 ndo juu kabisa. Naanza na mkalimani wa Kiswahili wa kwenye simu. Nyota 2. Mitingi ya kwanza ya IEP tumeingia mimi na mama, upande wa pili wa meza wamekaa watu saba, kila mtu na faili lake, katikati ya meza wameweka simu, na kwenye simu kuna kaka mmoja anaongea Kiswahili kizuri sana cha pwani. Mama Kiswahili chake ni cha Congo, anaelewa nusu, nusu nyingine anaikisia. Halafu likaja lile neno lao "hearing", maana kwa Kiingereza kusikia kwa masikio na kusikilizwa kwa kesi ni neno lilelile, yule kaka hajui hii mitingi ni ya nini, hamuoni mtu, hana karatasi mbele yake, akatafsiri kwamba mtoto atapangiwa tarehe ya kusikilizwa shauri. Mama kanigeukia, uso umembadilika kabisa, "Banatupeleka ku tribinali?" Nikamshika mkono chini ya meza, nikaanza kutafsiri mimi. Na mimi nilikuwa na miezi mitatu Marekani! Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia vitu dukani, nikawa nasema yes yes kwa vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa nini, na mama akasaini.

Leo ningerudi kwenye kile chumba ningefanya tofauti, na nyie fanyeni. Sheria inaidai shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachozungumzwa, na mkalimani ni juu yao, bure. Sema mapema kwa maandishi unataka mtu anayekuja mwenyewe kukaa mezani, sio wa simu, na utaje Kiswahili chako ni cha wapi, usiseme "Swahili" ukanyamaza, sema cha Congo, au kama Kinyarwanda au Kibembe ndo kinakaa vizuri kwa mzazi basi sema hicho. Karatasi za rasimu omba wakutumie siku kadhaa kabla. Na usisaini siku hiyohiyo, hakuna anayeweza kukulazimisha, unasema nakwenda nayo nyumbani nikasome. Mtoto wako mwingine usimfanye mkalimani. Hili naliongea kwa uchungu, mimi nilibeba makosa ya ile mitingi miaka miwili nikidhani mimi ndo nimemharibia mdogo wangu maisha. Mwaka wa pili walituletea mzee mmoja wa Bukavu, alikuja nusu saa kabla, akamsalimia mama vizuri, akauliza mtoto anaitwaje, akauliza ni maneno gani yatakuja ili ayaandae. Yule mzee nyota 5, na mama siku hiyo aliuliza maswali tisa, nimeyahesabu.

Huduma ya pili ni kupimwa uwezo. Hapo nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu baadaye walikubali kurekebisha. Mtaalamu wa shule alimkalisha mdogo wangu mezani na mkalimani wa lugha ya alama ya Marekani, ASL, akamuuliza maswali kwa Kiingereza yakageuzwa kuwa ASL, mtoto hajui Kiingereza, hajui ASL, anaangalia mikono ya mtu inavyokwenda kasi kama mtu anayeangalia mvua dirishani. Ripoti ikaja: ulemavu wa akili. Wakamweka darasa ambalo kwa mwaka mzima kazi yake ilikuwa kupaka rangi na kupanga vikombe. Mtoto aliyekuwa anatengeneza magari ya waya kule kambini, yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele!

Na ukienda kuuliza ndo unakuta ule mchezo wa kurushiana mpira. Ofisi ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza inasema huyu ni wa elimu maalumu. Elimu maalumu wanasema shida yake ni lugha kwa sababu ni mgeni, nendeni kwa wale wa Kiingereza. Yaani mtoto ana vitu vitatu kwa mpigo, ni kiziwi, ni mhamiaji, ni mweusi, na kila ofisi inaona kimoja tu halafu inampeleka kwa mwenzake. Wapendwa hiyo sio sahihi. Mtoto anaweza kuwa kwenye huduma zote mbili, ulemavu haumwondolei haki ya kufundishwa Kiingereza kama mgeni, na ugeni haumwondolei IEP. Na kupimwa, sheria inasema apimwe kwa lugha na njia ya mawasiliano anayoitumia kweli. Usipokubaliana na matokeo unaandika barua kuomba tathmini huru ya mtu wa nje, na gharama ni ya wilaya ya shule, au sivyo wao ndo waende kumweleza mwamuzi wa mashauri kwa nini tathmini yao ilikuwa sawa.

Hayo yote tuliambiwa na mama mmoja wa kituo cha wazazi. Kila jimbo lina kituo angalau kimoja cha kusaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinalipwa na serikali kuu, hawakutozi hata senti. Nyota 5 bila kufikiria mara mbili. Alikuja nyumbani akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa na mama, tukaandika barua. Mdogo wangu akapimwa upya na mtu anayewajua watoto viziwi, kwa mafumbo ya maumbo yasiyohitaji maneno, vipande unavyovipanga. Yule mpimaji alituonyesha: kwenye maumbo yupo juu ya wastani wa umri wake. Mama aliomba neno hilo lirudiwe. Mzee wa Bukavu akalirudia. Ile alama ya ulemavu wa akili ilifutwa 2021, imekaa kwenye jina lake zaidi ya miaka miwili.

Msidhani ni sisi tu. Kuna kijana wa Mexico, Miguel Luna Perez, kesi yake ipo wazi mahakamani ndo maana namtaja. Amekuja Marekani na miaka 9 kama wa kwetu, kiziwi, akaingia shule za mji wa Sturgis, Michigan, akasoma mpaka 20. Familia yake ilidai mahakamani kwamba wasaidizi aliopewa hawakuwa na ujuzi wa lugha ya alama, na huku nyumbani zinakuja alama nzuri kila muhula na anapandishwa darasa, halafu miezi michache kabla ya kuhitimu ndo wanaambiwa hapewi diploma. Walidai kwa njia ya elimu maalumu wakasuluhishana, mojawapo ilikuwa aendelee kusoma kwenye shule ya viziwi ya Michigan, kisha akadai fidia kwa sheria ya haki za watu wenye ulemavu, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi wa 3 mwaka 2023 majaji wote 9 wakasema ana haki ya kuendelea na madai yake. Nilipoisoma nilimsomea mama kwa sauti, tukalia wote wawili. Kwa hiyo alama nzuri kwenye ripoti zisikulaze usingizi, kaa na mtoto muulize leo amejifunza nini.

Vifaa sasa. Nyota 3. Medicaid, ile bima ya afya ya serikali, kwa watoto inalipia vifaa vya masikio na ile plastiki ya ndani ya sikio, ambayo inabidi itengenezwe upya kila mtoto akikua, ikilegea inapiga mluzi na inaumiza. Darasani wana kimaiki mwalimu anakivaa shingoni sauti inaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Kwa mtoto mwenye usikivu uliobaki kiasi ni kitu kizuri sana, ninamjua binti wa Burundi hapa mtaani kimembadilishia maisha. Kwa mdogo wangu kilimpa sauti ya mlango ukibamizwa na ngoma za kanisani, basi. Daktari alituambia baada ya homa ya uti wa mgongo kile kiungo cha ndani ya sikio kinaweza kuota mfupa, ndo maana wanaharakisha upasuaji wa kupandikiza kifaa cha ndani, na kwetu miaka ilikuwa imeshapita. Nyota mbili nimezipunguza kwa sababu ya jinsi shule ilivyokiangalia, kila mitingi swali la kwanza ni amevaa kifaa? betri ipo? Wameandika kwenye mpango "anavaa kifaa asilimia 90 ya siku" kama mafanikio. Mtoto ana kifaa sikioni na hana neno la kuomba kwenda chooni. Na 2020 shule zilipohamia mtandaoni ndo ikawa balaa, akikaa mbele ya tableti anaona vichwa ishirini vinavyotikisika, na waliporudi madarasani barakoa zimefunika midomo.

Mkalimani wa ASL wa darasani. Hapa watu wananielewa vibaya kwa hiyo nisomeni taratibu. Yule dada aliyepewa mdogo wangu alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa safi kabisa. Kuna mtihani wa kupima wakalimani wa mashuleni unaitwa EIPA, unatoa alama mpaka 5, majimbo mengi yanataka angalau 3.5 au 4, na mzazi unaweza kuuliza mkalimani wa mwanangu ana ngapi, uliza tu sio utovu wa adabu. Wa kwetu alikuwa vizuri. Nyota nimempa 3 kwa sababu shule ilimpa kazi isiyo yake. Mkalimani anahamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, sasa huyu mtoto lugha ya pili hana, ni kama mama yangu ungemletea mkalimani wa Kirusi, awe hodari namna gani. Mtoto alihitaji kwanza kufundishwa ASL kama lugha, na watu wanaoiongea, na wenzake wa kucheza nao. Shule nzima ilikuwa na wanafunzi zaidi ya elfu moja na kiziwi alikuwa yeye peke yake. Mapumziko anakaa na mkalimani, chakula anakula na mkalimani, rafiki yake wa pekee ni mtu mzima anayelipwa. Na IDEA yenyewe inasema kwa mtoto kiziwi timu iangalie nafasi ya kuongea moja kwa moja na wenzake na walimu kwa lugha yake, hii sentensi nimeikariri, naisema kila mitingi.

Haya sasa nifike kwa kaka wetu. Mama wa kituo cha wazazi alituambia tuombe mkalimani kiziwi. Mimi nikasema mkalimani kiziwi anasikiaje? Kumbe wanafanya kazi wawili wawili: anayesikia anageuza Kiingereza kuwa ASL, halafu yule kiziwi anaichukua ile ASL anaishusha mpaka inafika kwa mtu ambaye hana ASL kamili, kwa ishara za mwili, kwa picha, kwa kuchora, kwa kuigiza, kwa chochote. Amekua bila kusikia, anajua jinsi ya kuelewana na mtu bila neno. Walimleta mwanaume mweusi, mtu mzima, mrefu, kiziwi tangu kuzaliwa, huyo ndo tunamwita kaka. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kumuona mtu mzima kiziwi. Nadhani, na mama pia anadhani hivyo, alikuwa anaamini viziwi wote ni watoto na ukikua inaisha.

Siku ya kwanza hakufungua faili lolote. Alikaa sakafuni na mdogo wangu, akachora nyumba, akachora mtu, akamuonyesha wewe, nani nyumbani? Dogo akagusa nyusi, akaninyooshea mimi. Kaka akaiga, akagusa nyusi yake, akacheka. Akagusa kichwa, mama. Kaka akaiga. Halafu dogo akainama, mkono kiunoni, mkono wa fimbo. Mimi nikaingilia nikamwambia yule mkalimani anayesikia, hapana hiyo sio mtu, mgongo unamuuma, anafanya hivyo mara kwa mara, hasa tukipita ile barabara ya kwenda uwanja wa ndege, tulishampeleka hospitali mara mbili wakampiga na picha. Kaka hakunijibu. Alichora kizee. Dogo akaikamata ile kalamu akaongeza fimbo, akaongeza ndege, akachora mstari kutoka kwa kizee mpaka kwenye ndege, halafu mstari haufiki, akaukata, akamwangalia kaka akafungua mikono yote miwili.

Alikuwa anauliza bibi yuko wapi. Miaka miwili na nusu. Kila tukipita barabara ya uwanja wa ndege alikuwa anatuuliza bibi anafika lini, na sisi tunampa panado. Mimi ambaye nimemtungia zile ishara, niliisahau ya bibi kwa sababu mimi nikitaka kumtaja bibi nasema bibi.

Kaka alimweleza kwa kuchora. Bibi yupo, yuko kule, nyumba ya matope, kuku, haumwi, ndege ni ngumu kwake. Tukapiga video WhatsApp palepale, kule Kigoma ilikuwa usiku, bibi ameamshwa na shuka begani. Dogo akamfanyia ile ishara. Bibi akanyanyua fimbo yake akaitikisa mbele ya kamera.

Nyota 5, na kama zingekuwepo 10 ningempa.

Huyu kaka ndo alianza kutuambia kuhusu shule ya viziwi ya jimbo. Karibu kila jimbo linayo, ni ya serikali, bure, wanaokaa mbali wanalala bwenini wiki nzima na Ijumaa basi linawarudisha nyumbani. Shule ya viziwi ya kwanza kudumu hapa Marekani ni ya Hartford, Connecticut, ya 1817, ndiko ASL ilikochanganyika kutoka lugha ya alama ya Kifaransa aliyokuja nayo mwalimu kiziwi Laurent Clerc na ishara za viziwi wa hapahapa. Mama alikataa miezi minne. Kwetu kumpeleka mtoto mwenye ulemavu mbali watu wanasema umemtupa, na yeye aliogopa atasahau ugali, atasahau kusali, weupe watupu. Kaka hakumbishia. Alimwambia ukweli kwamba zamani watoto viziwi weusi walitengwa shule zao, majengo mabovu, mpaka wakakuza namna yao ya kuzungumza ASL, mikono mikubwa zaidi, miwili mahali weupe wanatumia mmoja, na babu zake wa kiziwi ndo walitoka huko. Akamwambia pia habari za Claudia Gordon, binti wa Jamaica aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 8, akahamia New York na miaka 11, akasoma shule ya viziwi ya Lexington, leo ni mwanasheria, mwanamke mweusi kiziwi wa kwanza kuwa mwanasheria Marekani. Mama akauliza, mama yake alikubali? Akacheka mwenyewe.

Tulienda kuangalia. Nilichokiona ni watoto wanaogombana. Watoto wawili kwenye foleni ya chakula wanabishana kwa mikono, wa tatu anaingilia anawaamua, mtu mzima anawaambia kutoka mbali kabisa acheni, na wanamuona. Mdogo wangu alisimama hapo hajafumba jicho. Alikuwa hajawahi kuona ugomvi wenye maneno anayoweza kuyafikia.

Ameanza pale mwaka 2021, mwezi wa 8, ana miaka 12. Kufikia Krismasi alikuwa ananisimulia ndoto. Shule ile nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu walimu weusi walikuwa wawili tu pale, mhamiaji hakuna hata mmoja, na karatasi zote za nyumbani zinakuja kwa Kiingereza mpaka ulalamike kwa maandishi. Na kuna kitu cha bweni, nywele, mafuta ya ngozi, hawajui, nilienda mwenyewe kuwaonyesha. Walinisikiliza, nashukuru. Kusoma na kuandika bado yuko nyuma, tusidanganyane, lugha ya kwanza ukiianza na miaka 11 kuna mlango umeshaanza kufungwa, wataalamu wanasema ile miaka mitano ya mwanzo ndo ya dhahabu. Ndo maana nawapigia kelele wenye watoto wadogo, usisubiri mtoto azoee Kiingereza kwanza, usisubiri kifaa, anza ishara leo na mtoto akiwa mgongoni.

Kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukijui, kanisani kwetu kuna dada kiziwi aliyesoma shule ya viziwi huko Congo, alifika huku akaielewa ASL sehemu kubwa wiki za mwanzo tu. Nikashangaa. Kumbe alikuwepo mtu anaitwa Andrew Foster, mweusi wa hapa Marekani, kiziwi, mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Washington, mwaka 1954. Akaenda Afrika, akaanzia Ghana 1957, akaanzisha zaidi ya shule 30 za viziwi nchi mbalimbali na Congo ikiwemo, alikufa kwa ajali ya ndege Rwanda 1987. Zile ishara alizokwenda nazo ndo zimekua kwa namna yake mpaka zikawa za huko. Kwa hiyo kama mtoto wako amewahi kukaa shule ya viziwi Congo, au Kenya au Tanzania ambako wana lugha zao za alama, usikubali shule iandike "hana lugha". Anayo. Andika kwenye fomu jina la lugha yake na miaka aliyosoma.

Mwisho darasa la ASL la familia. Mara ya kwanza nyota 2, lilikuwa la Zoom, Jumanne saa kumi na mbili jioni mama akiwa kazini kiwandani, mwalimu anaandika maelezo yote kwa Kiingereza. Mama alihudhuria mara tatu akaacha, shule ikaandika mzazi hashiriki. Hiyo ilinikera kuliko yote. Tukaomba kwenye IEP, kwa sababu mafunzo kwa wazazi ni huduma inayoweza kuandikwa humo, liwe Jumamosi, liwe la ana kwa ana, na mkalimani wa Kiswahili awepo. Likawa. Ukumbi wa kanisa, familia tano, Wacongo watatu, Wasomali, na mama mmoja wa Guatemala na mkalimani wake. Mwalimu ni kaka yetu yuleyule. Nyota 5. Mama amejifunza haraka kuliko mimi, na nafikiri ni kwa sababu mimi kila ishara naipeleka Kiingereza kwanza halafu Kiswahili halafu naikumbuka, yeye anaiona anaishika.

Mwaka huu dogo anatimiza 16, kwenye IEP inabidi waanze kuandika mambo ya baada ya shule, kazi, chuo, na anatakiwa aalikwe yeye mwenyewe. Ameshasema anataka ufundi wa magari na ameshasema anamtaka mkalimani gani. Mimi nimeambiwa nikae pembeni, nisiongee mpaka niulizwe.

Jumamosi iliyopita baada ya darasa kaka alipita nyumbani. Nimeingia jikoni nikamkuta yeye na mama wamekaa, mkalimani yeyote hayupo, na mimi sikuitwa. Walikuwa wanabishana kwa mikono kuhusu sukari ya chai, mama anamwambia vijiko vitatu, yeye anasema kimoja, dogo amesimama katikati ameshika kopo la sukari anamsubiri atakayeshinda.